Mjumbe Mmoja Alieleza

Kamati yetu ilianza kwa msiba. Mwenzetu mmoja alifariki Laurel, huku Marekani, watu wakakutana kupanga safari ya mwili wake kurudi nyumbani, wakachagua mwenyekiti na katibu, wakafanya kazi yao wakaimaliza. Mwili ulifika, ukazikwa. Lakini Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, watu watatu walijikuta wamekaa tena katika chumba kile kile cha chini ya maghorofa, kila mmoja akidhani wenzake ndio walioitisha kikao. Wa nne nilikuwa mimi. Shangazi yangu, aliyekuwa katibu, alikuwa amenituma nirudishe daftari la kumbukumbu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kazi imekwisha. Mwenyekiti akaniambia nikae, akafungua kikao.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shangazi alinileta Marekani, tukawa tunakaa Adelphi, nami nikapata kazi ya kufua na kukunja mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee. Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, wakati tukikwangua kadi za simu ili kupiga nyumbani. Shule niliishia darasa la saba. Shangazi alipobadilishiwa zamu akawa hana Jumamosi, aliwapigia simu kunikabidhi ukatibu moja kwa moja. "Ana mwandiko mzuri," aliwaambia, nami nimesimama hapo. "Ila anaandika polepole, mumsubiri. Na msimlazimishe kuongea."

Walinisubiri. Mtu akisema jambo, alinyamaza mpaka kalamu yangu isimame.

"Nukta?" Mwenyekiti aliuliza.

Nikiitikia kwa kichwa, waliendelea. Mtu anayesubiri hivyo huyasikia maneno yake mwenyewe yakipoa hewani, na zaidi ya mara moja mjumbe aliomba alichosema kisiandikwe.

Mwenyekiti alikuwa Mtanzania wa umri wa kustaafu. Zamani alifundisha siasa chuoni, enzi siasa ilipokuwa somo lenye mtihani. Washington alikaa katika kibanda cha maegesho ya magari, akiinua na kushusha mti wa kuzuia magari, na humo kibandani alisoma vitabu vinene vilivyofunikwa kwa magazeti. Kulia kwake alikaa Mama, Mkenya wa bara aliyekuwa akihudumia wagonjwa majumbani, ambaye hata kikaoni alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu atakayeitwa na kengele. Mbele yake alikaa dereva wa teksi, Mkongo mpole mwenye shati lililopigwa pasi kila siku. Wengine walikuja na kuacha. Sisi wanne ndio tuliobaki.

Kikao lazima kiwe na ajenda. Tulipokosa ajenda, Mwenyekiti alileta vitabu vyake.

Alitueleza habari za watu wa Ulaya wa zamani waliochora kwenye karatasi miji ambayo haikupata kujengwa: miji yenye bustani, jiko moja la wote, na nyumba zisizo na kufuli. Kila mmoja wao, alisema, alikwama mahali pamoja. Mwizi atawekwa wapi? Wengine walijibu kwamba katika mji ule hatakuwapo, maana kilichomfanya aibe ni njaa na wivu, na hivyo vitakuwa vimekwisha. Wengine walisema mwizi ana nguvu ambayo imepewa kazi isiyo yake. Mpe kazi yake, atakuwa mtu wa maana kuliko sisi waoga. Na walikuwapo wachache waliokwenda mbali zaidi. Hao walisema mwizi ndiye raia wa kwanza wa mji ule. Anakataa jinsi vitu vilivyogawanywa, ila hajui kwamba anakataa. Wakusanyeni wezi wote, wapeni fikra, na mtakuwa na jeshi.

"Ati jeshi?" Mama aliuliza.

"Nguvu ya kisiasa iliyolala," Mwenyekiti alisema. "Mwizi anapiga kura kwa mikono yake. Katibu, andika hiyo."

"Mimi nikipata mwizi kwangu sitamuuliza ni wa chama gani. Na wewe, Mwenyekiti, mbona usukani wa gari lako umeufunga na chuma? Nimeuona hapo nje."

"Jeshi bado halijapewa mafunzo, Mama."

Dereva alicheka mpaka akafuta macho. "Kwetu kule mwizi anavaaka inifome," alisema. "Batu banakimbia, yeye anatembea tu. Unataka kumupa mafunzo gani tena?"

Niliandika yote, polepole. Nilipofika kwenye neno mwizi mkono wangu ulikuwa mzito. Hakuna aliyeona, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mzito siku zote.

Mwisho wa kikao kile Mwenyekiti alitoa agizo: safari ijayo kila mjumbe alete mwizi mmoja wa kwao, mwizi aliyemjua, tumpime. Jumamosi iliyofuata Mama alileta fundi wa baiskeli aliyekuwa akiiba kengele tu, kengele peke yake, na nyumbani kwake wakakuta sanduku limejaa. Dereva alileta mwanajeshi aliyechukua mlango wa shule, akaubeba kichwani mchana kweupe, huku mwalimu mkuu akimfungulia geti. Walizungumza kwa kudakiana, mara zote mbili, na Mama alitoka katikati ya hadithi ya Dereva kwenda kupokea simu ya kazini, naye Dereva alitoka katikati ya ubishi kwenda kusogeza teksi yake. Kisha Mwenyekiti akanigeukia.

"Na Katibu?"

Nilitikisa kichwa.

"Mwache," Mama alisema. "Huyu hata akikanyagwa hatasema aa."

Kesho yake, Jumapili, baada ya shangazi kwenda kanisani, niliketi mezani kuandika kumbukumbu safi. Jikoni kulikuwa na mwanga mzuri. Niliandika waliohudhuria, kufungua kikao, kuthibitisha kumbukumbu zilizopita. Niliandika kengele za baiskeli. Niliandika mlango wa shule. Halafu kalamu ikaendelea. Sisemi iliendelea yenyewe. Ni mimi niliyeishika. Lakini sikuwa nimekusudia, na kwa kuwa naandika polepole nilikuwa na muda mwingi wa kuacha, na sikuacha. Niliandika hivi:

"Mjumbe mmoja alieleza kuwa katika mji mdogo wa bara kando ya reli, mtoto wa miaka kumi na mmoja aliachiwa maharage motoni ayaangalie. Mtoto aliingia ndani. Alipotoka alimkuta mwanamume amekwisha ipua sufuria na kuifunga kwa shati lake, maharage yakiwa yanachemka. Mtu huyo hakukimbia, alitembea. Mtoto akapiga kelele ya mwizi. Watu walitoka sokoni na kwenye karakana. Mtu huyo hakuiachia sufuria ingawa ilikuwa ya moto. Alifariki kabla ya saa kumi. Sufuria ilirudishwa na jirani ikiwa imeoshwa."

Darasani sauti yangu haikupata kufika dawati la pili. Mwalimu alikuwa akinikaribia na kuinama kama anayesikiliza redio yenye betri mbovu. Siku ile sauti yangu ilifika mpaka kwenye karakana za ng'ambo ya reli. Niliisikia ikitoka na nikashangaa kuwa ninayo. Sikuwafuata waliokimbia. Nilibaki uani, nikakoroga majivu kwa kijiti, na nilipomsikia mama yangu akirudi nilikuwa na fahari. Hilo nalo ni la kusema, maana ni kweli. Nilimwambia nimemkamatisha mwizi. Wiki ile tuliendelea kupikia sufuria ile ile, kwa kuwa tulikuwa na mbili tu, na ile kubwa ndiyo iliyotutosha.

Baada ya hapo sikupandisha sauti tena. Nyumbani walidhani ni aibu za utoto.

Nilipomaliza kuandika niliusoma ule ukurasa, nikaona lazima niuchane. Lakini ulikuwa na kengele za baiskeli upande mmoja na mlango wa shule upande wa pili, mchana mzima wa kazi yangu. Mtu anayeandika haraka angechana. Nilifunga daftari, nikajiambia nitalisahihisha katikati ya wiki, na katikati ya wiki ikapita.

Kumbukumbu husomwa na katibu, lakini kwetu zilisomwa na Mwenyekiti, kwa sababu ya sauti yangu. Jumamosi alizisoma kwa sauti ya chuoni, akiweka pumzi mahali pake. Alipofika palipoandikwa "mjumbe mmoja" nilikuwa nikitazama kucha zangu. Alisoma mpaka mwisho, kisha akauliza kama kuna masahihisho.

Mashine ya soda kwenye kona ilinguruma.

"Hakuna," Mama alisema, kwa sauti ya chini isiyo yake. Alikuwa akimtazama Dereva.

"Hakuna," Dereva alisema, akimtazama Mama.

Kumbukumbu zikathibitishwa. Mwenyekiti akatia saini, mimi nikatia yangu chini yake. Nilielewa baadaye kilichotokea: Mama alidhani Dereva alisimulia alipokuwa nje na simu, Dereva akadhani Mama alisimulia alipokuwa akisogeza teksi, na Mwenyekiti, ambaye hakutoka hata dakika moja, hakupenda kukiri kwamba umri umeanza kumpotezea mambo yaliyosemwa mbele yake. Kwetu jambo likiisha kuandikwa kwenye kumbukumbu na kutiwa saini, limesemwa.

Kwenye yatokanayo Mwenyekiti alisimama. Sikuwa nimewahi kumwona akisimama kikaoni.

"Tulikuwa tunamtafuta, na amepatikana," alisema. "Hakukimbia! Mnasikia? Sufuria inamuunguza na haachii. Huyo si mwizi wa tamaa. Huyo ndiye yule niliyewaambia, askari asiyejua kuwa ni askari."

"Na yule mtoto?" Dereva aliuliza.

Mwenyekiti alifikiri. "Mtoto ni polisi wa bure. Analinda mali ya watu kwa kuwa amefundishwa kuwa ni yake. Ndivyo wanavyotutumia. Katibu, umeandika?"

Niliandika: mtoto ni polisi wa bure.

"Hayo maharage yalikuwa ya watoto wa mwenyewe," Mama alisema. "Wacha hizo. Kuna mtu amekufa hapo, na wewe unampa cheo."

"Nampa heshima, Mama. Waliomuua hawakumpa."

Aliahidi kuandaa mada nzima juu ya mtu huyo, ataisoma kikao kijacho.

Wiki ile niliisikia sauti yangu kila mahali. Mashine kubwa za kufulia zilikuwa zikipanda mzunguko na kulia, na ndani ya mlio ule kulikuwa na mtoto. Nilikunja mashuka nikihesabu pembe nne, pembe nne, nisifikiri. Kwenye basi la University Boulevard mwanamume alipita ameshika chakula kwenye mfuko, mvuke ukitoka, nikashuka vituo vitatu kabla ya nyumbani. Na bado maneno ya Mwenyekiti yalikuwa matamu kwangu, lazima niseme. Kama uhalifu ni nguvu inayopita ndani ya watu kama maji ndani ya bomba, basi yule mtu hakuwa mbaya, nami sikuwa mbaya. Tulipitiwa tu, yeye na njaa, mimi na kelele. Nililala juu ya maneno hayo mchana wa Alhamisi, siku yangu ya mapumziko, na karibu nipate usingizi. Tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja nilikuwa nikitaka mtu mmoja tu aniambie kama nilimuua mtu yule au sikumuua. Sikuwa nimewahi kuuliza. Sasa kulikuwa na kamati nzima inayojadili swali langu, na hakuna aliyejua ni la nani. Nilifikiri nitakaa kimya, nisubiri jibu litakalotoka, nilichukue niende nalo nyumbani.

Jumamosi Mwenyekiti alikuja amevaa koti. Mada ilikuwa kurasa sita. Aliisoma vizuri sana. Alianza na miji ile ya Ulaya isiyojengwa, akaja hadi mji wetu kando ya reli, akauelezea kana kwamba amewahi kuufikia, na akautia soko mahali ambapo palikuwa na msikiti. Mimi niliandika mambo makuu tu. Ndipo akafika kwenye kifo.

"Umati ulipomzunguka," alisoma, "aliiinua sufuria juu wote waione, akasema: hiki ni cha wote."

Kalamu yangu ilisimama. Mwenyekiti aliiona, akasubiri kama kawaida.

"Nukta?"

"Hakusema hivyo," nilisema.

Walinigeukia wote. Mama aliinamisha kichwa kunisogelea, kama mwalimu wangu wa zamani. "Unasema?"

"Hakusema hivyo. Hakusema kitu kwa watu. Alisema na mimi."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Mwenyekiti aligeuza kurasa zake nyuma, akitafuta mahali alipokosea. Niliona kwamba nikinyamaza hapo wataendelea, na maneno yale yatathibitishwa na kutiwa saini, na mtu yule atakuwa ameyasema milele. Nikasimama. Magoti yangu yaligonga meza.

"Mwenyekiti, naomba kusahihisha kumbukumbu za kikao cha wiki mbili zilizopita. Palipoandikwa mjumbe mmoja, pasomeke katibu. Palipoandikwa mtoto, pasomeke katibu."

"Mungu wangu," Mama alisema.

"Na kuna sentensi niliiacha. Nilipotoka nje, alikuwa bado uani kwetu. Aliniona. Akaniambia taratibu, kama kaka mtu: mdogo wangu, usipige kelele, sufuria nitairudisha."

Nilingoja kidogo, kwa sababu sauti ilikuwa inakwisha.

"Halafu ndiyo nikapiga kelele. Nilimsikia vizuri. Nilijua anachosema. Ndiyo nikapiga."

Dereva aliweka viganja vyote viwili juu ya meza, wazi. Mama alikuwa amekwisha toka kwenye kiti chake. Alikuja akasimama nyuma yangu, akaniwekea mkono begani, mkono mzito wa mtu anayenyanyua wagonjwa. "Ulikuwa mtoto, mwanangu," alisema. "Mtoto kabisa." Niliyajua maneno hayo. Nilikuwa nimejiambia mara nyingi, na yaliposemwa na mtu mwingine hayakuwa na uzito zaidi.

Niliuliza basi. Nilimuuliza Mwenyekiti, kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma.

"Ni mimi niliyemuua?"

Alivua miwani. Nilidhani atasema jamii, au mali, au mfumo, na nilikuwa tayari kuyapokea. Alitazama kurasa zake sita. "Mada hii ina majibu," alisema. "Lakini niliiandika wakati sijui kama upo hapa." Akazikunja, akazitia mfukoni mwa koti. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kibandani na siyo ya chuoni: "Alikuwa anaitwa nani?"

"Sijui."

"Hata baadaye? Hawakumtaja?"

"Hawakumtaja. Hakuna aliyemjua. Alikuwa mpita njia, nadhani alishuka kwenye treni. Alizikwa na halmashauri."

"Miye nilikuwa nafikiria tunamujua," Dereva alisema. "Wiki mbili tunaongea juu yake."

Kikao kile sikukiandika mimi. Mkono ulikataa, na Mama alilichukua daftari, akaandika kwa haraka yake ya kujaza fomu za wagonjwa. Aliandika yote niliyosema, na nilipotaka kumsaidia neno alinisukuma taratibu kwa kiwiko. Alipofika mahali pa jina aliinua uso.

"Niweke nini?"

"Acha nafasi," Mwenyekiti alisema.

"Nafasi kiasi gani?"

Dereva alinyoosha vidole vitatu juu ya karatasi, Mama akaacha nafasi ya vidole vitatu.

Hatukurudi tena kwenye habari za wezi. Kwa muda tulizungumzia mambo madogo, nani anajua fundi wa magari mwaminifu Laurel, shule zipi za Germantown zina nafasi, mpaka Mama akahamia huko kwa mwanawe na kamati ikaisha bila kufungwa. Sijui daftari analo nani. Mwenyekiti hakunijibu, wala sikumuuliza tena. Nilikuwa nikimwona akinitazama wakati mwingine, akifungua mdomo, kisha akiita ajenda inayofuata.

Lakini Jumamosi iliyofuata baada ya ile alizisoma kumbukumbu kama ilivyo desturi, yote, pamoja na sentensi niliyokuwa nimeiacha. Alipofika kwenye nafasi hakuiruka. Alinyamaza. Alinyamaza kwa muda ambao jina la mtu, la kwake na la baba yake, lingechukua kusomwa, na sisi watatu tukanyamaza naye, na chumbani humo kulikuwa na mtu wa tano. Kisha akaendelea hadi mwisho, akauliza kama kuna masahihisho. Nilitazama meza. Hakuna aliyeinua mkono, naye akanisogezea daftari nitie saini.